Mwanga Kwanza: Matumizi Sahihi ya Hadubini katika Kupima Malaria



Mada hii inawahusu hasa wenzetu wanaosoma slaidi za malaria kwenye zahanati na vituo vya afya. Hoja yangu ni kwamba picha mbovu kwenye hadubini mara nyingi hutokana na mwanga uliopangwa vibaya, si uchakavu wa mashine. Kabla ya kuomba hadubini mpya, tuikague kondensa, ile lenzi ya chini ya slaidi inayokusanya mwanga.

Mashine inavyofanya kazi

Lenzi iliyo karibu na slaidi huunda picha kubwa iliyopinduka ndani ya bomba, kisha lenzi ya jicho huikuza mara ya pili. Ya kwanza ikikuza mara 100 na ya pili mara 10, kitu huonekana kimekuzwa mara 1,000. Hesabu hiyo tunaijua sote. Linalosahaulika ni kwamba lenzi inatakiwa pia kutenganisha nukta mbili zilizokaribiana, la sivyo tunakuza ukungu tu. Mwaka 1873 Ernst Abbe, mwanafizikia wa Jena, Ujerumani, alionyesha kuwa uwezo huo una kikomo, nacho hutegemea urefu wa wimbi la mwanga na upana wa pembe ambayo lenzi hupokelea mwanga huo. Kwa lenzi nzuri ya mafuta, kikomo ni takriban robo ya maikromita. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa maikromita 7 hivi, na pete changa ya Plasmodium falciparum huchukua kama sehemu moja ya tano ya upana huo. Nukta ya kiini chake ni ndogo zaidi. Kwa vipimo hivyo, hatuna mwanga wa kupoteza.

Ndipo umuhimu wa mafuta unapoonekana. Mwanga ukitoka kwenye kioo kuingia hewani hupinda, na miale ya pembeni huikosa lenzi kabisa. Mafuta ya hadubini hupindisha mwanga karibu sawasawa na kioo, kwa hiyo miale hiyo hupita na kuingia. Lenzi ya 100 bila mafuta haisomi malaria.

Sasa kondensa. Wengi wetu tukiona mwanga mkali huishusha, na hili naomba tuliache leo. Kondensa ikishuka, pembe ya mwanga husinyaa na uwezo wa kutenganisha husinyaa nao. Vumbi na mabaki ya rangi huota kingo nyeusi, msomaji akaviita vimelea. Mwanga ukizidi, punguza taa. Kwa lenzi ya 100, kondensa ikae juu kabisa na kiwambo chake kiwe wazi. Kwa lenzi ya 10, kiwambo kifungwe kiasi. Penye hadubini ya kioo cha kuakisi mwanga, tumia upande bapa, na kamwe usikielekeze kwenye jua lenyewe: utaumiza jicho.

Kusoma slaidi

Anza na lenzi ya 10, utafute sehemu iliyopakwa na kupakwa rangi vizuri. Weka tone la mafuta, uingize lenzi ya 100 bila kuipitisha ile ya 40 kwenye mafuta, kisha tumia kirekebishi kidogo peke yake. Kile kikubwa huvunja slaidi na kukwaruza lenzi.

Mgonjwa asiambiwe hana vimelea kabla hujapitia maeneo 100 ya tone nene. Najua foleni ilivyo asubuhi, lakini maeneo 20 hayatoshi. Vimelea vikiwepo, vihesabu sambamba na chembe nyeupe 200, zidisha kwa 8,000 (makadirio ya chembe nyeupe kwa kila maikrolita), gawanya kwa 200. Vimelea 50 ni sawa na 2,000 kwa kila maikrolita ya damu.

Utunzaji

Kazi ikiisha, futa mafuta kwa karatasi ya lenzi, si pamba wala pindo la koti. Katika unyevu wa Tanga, Mombasa au Unguja, kuvu huota kwenye lenzi, na ikishaila kioo hakuna dawa. Usiku hadubini ikae kwenye kabati lenye balbu inayowaka.

Mchana, tukiwa maabara, kila kikundi kisome slaidi ileile mara mbili: kwanza kondensa ikiwa chini, kisha ikiwa juu. Andikeni idadi ya vimelea kila mara, tuanze mjadala na tofauti ya namba hizo.