Ulimi Unapokwenda Upande

Leo tutazungumza juu ya ulimi. Shika kioo, au mtazame jirani yako. Toeni ulimi nje. Je, umenyooka? Kucheka si neno, ila msiurudishe upesi.

Kutoka ubongoni hutokea jozi 12 za mishipa ya fahamu. Mshipa wa fahamu hauchukui damu. Huchukua amri, kama waya wa simu. Jozi ya 12 ndiyo inayouendesha ulimi: mmoja nusu ya kulia, mwenzake nusu ya kushoto. Kila mmoja hutoka katika tundu la fuvu, hushuka shingoni karibu na mshipa mkubwa wa damu, hupinda chini ya taya, ndipo huingia ulimini. Popote njiani waweza kuumia: kwa risasi, kwa ajali, kwa upasuaji wa shingo. Lakini sababu ya kuhofiwa zaidi ni uvimbe chini ya fuvu, pengine wa saratani, maana huko jicho halifiki.

Mshipa mmoja ukiumia, ulimi ukitolewa huelekea upande ule ule ulio mgonjwa. Wengi hudhani kinyume. Fikiri mtumbwi wenye wapiga kasia wawili. Wa kulia anapiga, wa kushoto amelala. Mtumbwi utageukia wapi? Kushoto, kwa yule aliyelala. Baada ya majuma kadha upande huo wa ulimi husinyaa, na nyama yake hutetema kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza inzi. Maneno kama "lala" na "tatu" hutoka mazito. Utamu wa chakula haupotei, kwa kuwa kuonja ni kazi ya mishipa mingine.

Daktari huulinganisha ulimi na ncha ya pua, si na midomo, kwa sababu mdomo uliopinda hudanganya. Humwambia mgonjwa asukume shavu kwa ulimi, naye huzuia kwa kidole kutoka nje. Kisha hutaka picha ya kichwa na shingo kwa mashine ya MRI. Wako wanaokimbilia kukata kimeo. Kimeo hakimo kabisa katika njia ya mshipa huu. Wanaongeza jeraha tu.

Ulimi ukipinda ghafula, na mkono na mguu vikalegea, huenda ni kiharusi. Hapo ubaya uko ubongoni, kwa kawaida upande wa pili. Usimpe mgonjwa maji wala chakula, visije vikampalia. Mpeleke hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa katika saa 4 na nusu za kwanza.

Sasa, mwalimu, andika swali hili ubaoni. Ulimi wa mzee mmoja umekwenda kulia, na nusu hiyo imesinyaa. Mikono na miguu yake ina nguvu. Ni mshipa upi ulioumia, nao umeumia ubongoni au njiani? Jawabu tutalitoa juma lijalo.