Maonyesho ya Magari ya Mbio: Usimame Wapi?

 Leo tunazungumzia magari ya mbio yanapoletwa mbele ya watu kuonyeshwa tu, bila kushindana.

Wengi hudhani pasipo mshindi hapana hatari. Hata hivyo, Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, limeyawekea maonyesho hayo masharti yake. Kupima muda ni marufuku. Kulipita gari jingine ni marufuku, isipokuwa msimamizi wa njia aruhusu kwa bendera ya buluu. Magari yakizidi matano, gari la usalama lenye dereva mzoefu hutangulia. Kila gari hukaguliwa, na waokoaji huwa tayari.

Masharti haya yana hekima. Saa ikiondolewa, dereva hana cha kukimbilia. Lakini umati unaoshangilia nao humchochea, kwa hiyo mwandaaji hutakiwa pia kuwalinda watazamaji.

Hatari ya kutowalinda ilionekana tarehe 28 Septemba 2014, mjini Haaksbergen, Uholanzi: gari la maonyesho lenye magurudumu makubwa mno lilipanda juu ya magari yaliyopangwa, halikusimama, likaparamia umati. Watu 3 walifariki, mtoto akiwa mmoja wao. Kibali cha manispaa kilikuwepo. Uchunguzi ulionyesha kwamba watazamaji walikuwa karibu mno, tena upande ule ule gari lilikoelekea.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, usitosheke na habari kwamba kibali kipo. Ukifika uwanjani, jiulize: breki zikikataa, gari hili litakwenda wapi? Ikiwa ni hapo uliposimama, hama. Epuka upande wa nje wa kona na mwisho wa njia iliyonyooka, maana gari lililomshinda dereva huishia huko. Kamba na utepe wa plastiki huonyesha mpaka tu, havizuii gari. Mtoto mshike mkono. Msimamizi akikuambia urudi nyuma, rudi kwanza, maswali baadaye.

Nawe mwandaaji, pima uwanja kabla ya kuuza tiketi. Kama hauna nafasi ya kuwaweka watu mbali, gari lionyeshwe likiwa limezimwa. Watu watalizunguka, watapiga picha, na watoto watauliza maswali yao yote bila ya yeyote kuhatarishwa.