Chuma cha Wabar na Kisa cha Kina 'Aad

 

Ndugu zangu katika imani, ndani ya jangwa la Rub' al-Khali, Saudi Arabia, pana mahali ambapo Mabedui hupaita al-Hadida, yaani penye chuma. Wazee wao walisimulia kwamba hapo ulikuwepo mji wa Wabar, wa mfalme muasi wa kina 'Aad, ukateketezwa kwa moto wa mbinguni, likabakia pande la chuma ukubwa wa ngamia. Kisa hiki kimepanda hadi mimbarini, na wapo wanaokitaja kuwa ndio ushahidi wa adhabu iliyomo katika Qur'an.

Mwaka 1932 alikwenda huko Mwingereza St John Philby, mtu wa karibu wa Mfalme Abdulaziz, aliyesilimu mwaka 1930 akaitwa Abdullah. Alitarajia magofu. Alichokiona ni mashimo ya duara, kingo zake zikiwa na vitu vyeusi mfano wa mavi ya chuma katika tanuri la mhunzi. Akadhani ni volkano. Wenzake wakaokota vijiwe vyeusi ving'aavyo, wakiamini ni lulu za mabibi wa kina 'Aad zilizoungua. Pande la ngamia hawakuliona; walipata kipande cha kiasi cha sungura.

Vitu hivyo vilipofika British Museum, London, mtaalamu wa madini L. J. Spencer alibainisha kuwa chuma kile kina nikeli, kama kilivyo chuma cha vimondo. "Lulu" nazo ni mchanga wa jangwa ulioyeyuka kwa joto la kishindo, ukaganda kuwa kioo. Shimo kubwa lina upana wa mita 116 hivi, la pili mita 64. La tatu, la mita 11, liligunduliwa miaka ya 1990. Mji haukuwepo.

Na wakati je? Uchunguzi wa mchanga uliopatwa na joto lile, uliochapishwa mwaka 2004, ulikadiria umri wa miaka kama mia tatu tu. Mwaka 2013 watafiti wengine walilihusisha tukio na kimondo kilichoonekana kikipita juu ya Tarim, Hadhramaut, mwaka 1704. Ama kina 'Aad, hao walitangulia hata kabla ya Thamud (al-A'raf, 74).

Tena Qur'an yenyewe imeshasema waliangamizwa kwa nini: upepo mkali, usiku saba na siku nane (al-Haaqqa, 6-7). Waliliona wingu wakadhani ni mvua (al-Ahqaf, 24). Walioteremshiwa mawe ni watu wa Lut. Basi moto na chuma katika habari ya 'Aad vimetoka wapi, kama si katika masimulizi ya barazani?

Wengine hushika neno la "kuteremsha" chuma katika Surat al-Hadid, aya ya 25. Wafasiri wana maelezo yao hapo. Lakini neno hilo hilo limetumika kwa wanyama wa kufugwa katika az-Zumar, aya ya 6, na sijasikia aliyedai kuwa ng'ombe walidondoka kutoka angani.

Jambo hili si dogo. Kijana wetu wa sekondari akisikia Ijumaa kuwa mashimo yale ni ya kina 'Aad, kisha akasoma umri wake kitabuni, atadhani ni Qur'an iliyokosea, ilhali Qur'an haikuyataja kabisa. Khatibu ndiye aliyeitwisha Qur'an mzigo usio wake, na amri ya kuhakiki habari (al-Hujurat, 6) inamhusu kabla ya kuwahusu waandishi wa magazeti.

Mabedui, kwa upande wao, tuwape haki yao: kuhusu chuma hawakusema uongo. Katika miaka ya 1960 mchanga ulisogea, likajitokeza pande la zaidi ya tani mbili, ambalo limewekwa katika Makumbusho ya Taifa, Riyadh. Mashimo yenyewe yanafukiwa na mchanga. Philby alikuta kina cha mita 12 hivi. Waliofuata miaka hamsini baadaye walikuta yamekaribia kujaa.