Maili 240 za Kaskazini

Leo natuifungue ramani ya dunia, tutazame juu kabisa, kaskazini ya Kanada, mahali ambapo bahari huganda kuwa barafu kwa miezi mingi. Huko viko vijiji viwili vya Wainuiti: Resolute, katika kisiwa cha Cornwallis, na Grise Fiord, katika kisiwa cha Ellesmere. Katika hesabu ya mwaka 2021 cha kwanza kilikuwa na watu 183, na cha pili 144. Hakuna barabara baina yao.

Mwanafunzi akitazama ramani ya ukutani ataona kwamba vijiji hivi vimeachana kwa digrii 12 za longitudo. Katika mstari wa Ikweta, unaopita katika nchi zetu hizi, digrii 12 ni maili 830. Je, na huko ni vivyo hivyo? Sivyo. Lishike chungwa lililomenywa: vipande vyake ni vipana katikati, na nchani hukutana. Ndivyo ilivyo dunia. Huko juu digrii moja ya longitudo ni kama robo tu ya ile ya Ikweta. Kwa hiyo, kwa njia ya ndege, toka Resolute hata Grise Fiord ni maili 240 hivi. Ramani bapa huzitanua nchi za kaskazini, ikamdanganya mtazamaji.

Eropleni ndogo ya injini mbili huikata safari hiyo kwa muda wa saa moja na nusu hivi, hewa ikiwa njema. Lakini uwanja wa Grise Fiord ni mfupi, wa changarawe, chini ya milima. Ukungu ukitanda, rubani hana budi kungoja, na abiria pamoja naye, hata akiwa mgonjwa aendaye hospitali.

Basi, maili hizo zilikuwaje kwa mtu asiye na ndege? Mwaka 1953 serikali ya Kanada iliwachukua watu wa Inukjuak, kusini kwa zaidi ya maili 1,200, ikawapakia katika meli iitwayo C. D. Howe. Waliahidiwa kwamba wasipopendezwa wangerudishwa baada ya miaka miwili. Ahadi hiyo haikutimizwa. Tena walikuwa melini tayari walipoarifiwa kwamba hawatakaa pamoja: hawa watashuka Ellesmere, wale Cornwallis. Jamaa wakatengana, wakaingia katika majira ya baridi ambayo jua halionekani yapata miezi mitatu. Wengine walirejea kwao mwaka 1989. Serikali iliomba radhi mwaka 2010.

Mwaka huo huo zilisimamishwa sanamu mbili za mawe. Ile ya Grise Fiord, kazi ya Looty Pijamini, ni mwanamke na mtoto na mbwa wao. Mwanamke anatazama upande wa Resolute. Ile ya Resolute, kazi ya Simeonie Amagoalik, ni mwanamume peke yake, anatazama upande wa Grise Fiord.