Dirisha Moja Shilingi Ngapi? Mazungumzo kwa Wanaoanza Kazi ya Kusafisha Madirisha



Mazungumzo ya leo yanahusu jambo ambalo vijana wengi huliruka wanapojiajiri, nalo ni bei. Kazi yenyewe ni ya kusafisha madirisha. Majengo ya vioo yameongezeka mjini Kericho, Litein, Sotik na Bomet: benki, hoteli, maduka ya ghorofa, shule na zahanati. Januari na Februari vumbi la barabara za murram hushika vioo. Mvua ndefu ikianza, matope hurukia kuta na madirisha. Kazi ipo. Swali ni kama inamlisha anayeifanya.

Tatizo huanzia kwenye mazoea. Katika mashamba makubwa ya majani chai, mchumaji hulipwa kwa kilo, na kiwango cha kila kilo hupangwa na mwajiri na chama cha wafanyakazi. Yeye huchuma tu, majani yakapimwa. Mashine za kuchuma chai zimepunguza nafasi hizo, na baadhi ya waliotoka huko sasa wamenunua ndoo na ngazi. Siku ya kwanza mteja anauliza, "Ni pesa ngapi?" Hapo hakuna mzani wala karani. Kijana anaogopa kumpoteza mteja, anasema, "Nipe tu mia tano." Hajui mia tano hiyo imetoka wapi.

Tuchukue mfano wa kijana mmoja. Takwimu hizi ni za kufundishia, kila mtu aweke zake.

Kijana anataka abaki na shilingi 20,000 kwa mwezi kwa chakula, kodi ya nyumba na karo ya mdogo wake. Kwanza aandike gharama za kazi. Nauli ya matatu na bodaboda ni 4,000. Sabuni, sifongo na vitambaa ni 1,500. Simu na ada za M-Pesa ni 500. Akiba ya kununua ngazi mpya na mpira mpya wa kukaushia kioo ni 1,200. Akiba ya kibali cha biashara ni 500. Mchango wa bima ya afya ya SHA, ambao kiwango chake cha chini ni 300 kwa mwezi, nao uingie. Jumla ni 8,000. Kwa hiyo kazi yake lazima ilete 28,000, wala si 20,000.

Pili, ahesabu siku za kweli. Mwezi una siku 26 za kazi kwenye kalenda, lakini Kericho mvua hunyesha mchana karibu mwaka mzima, na siku nyingine huisha akitafuta wateja. Tuseme siku 20 ndizo zenye malipo. Gawanya 28,000 kwa 20, upate 1,400 kwa siku. Katika siku hiyo, ukitoa safari, kubeba maji na kungoja mvua ipite, saa za kazi yenyewe ni kama tano. Kwa hiyo saa moja ni shilingi 280.

Tatu, apime kasi yake kwa saa, bila kukisia. Kama anasafisha vioo vinane kwa saa, ndani na nje, kioo kimoja ni shilingi 35. Nyumba ya vioo 24 itachukua saa tatu, na bei yake ni 840.

Sasa rudini kwenye ile mia tano. Kwa nyumba hiyohiyo, saa moja inamletea kama 167. Mwisho wa mwezi atakuwa amepata takriban 16,700. Akitoa gharama za 8,000, anabaki na 8,700 badala ya 20,000. Wateja ni wengi, mgongo unauma, na karo bado haijalipwa. Mbaya zaidi, ngazi ikilegea hana pesa ya kununua nyingine, na ataipanda hivyohivyo. Bei ya chini inaweza kumvunja mtu mguu.

Mkulima mdogo wa chai anaelewa jambo hili. Bonasi ikija, hasemi yote ni faida. Anakumbuka mbolea na malipo ya wachumaji. Msafishaji naye afikiri hivyo.

Madirisha hayafanani. Dirisha lenye grili huchukua muda zaidi kwa sababu mkono unapita kati ya vyuma. Nyumba iliyomalizwa kujengwa ina matone ya rangi na saruji ya kukwangua. Hizo zitozwe kwa saa, si kwa kioo. Ghorofa za juu ni jambo jingine kabisa: bila jukwaa imara na mkanda wa usalama, jibu ni hapana, hata mteja akiongeza pesa.

Mteja akisema kuna mtu anatoza mia tatu, asitukanwe wala asibembelezwe. Kazi ipunguzwe pamoja na bei: "Kwa pesa hiyo, mama, nitaosha upande wa nje pekee." Anayetaka kuoshewa kila mwezi anaweza kupunguziwa kidogo, kwa kuwa anamwondolea kijana siku ya kutafuta kazi. Ndugu na marafiki nao wapewe bei inayojulikana, isiyoshuka chini ya gharama. Na bei ikubaliwe kabla kitambaa hakijaloweshwa.

Shule na ofisi mara nyingi huchelewa kulipa. Kabla ya kazi kubwa, kijana aombe malipo ya kwanza yatakayotosha nauli na sabuni, na makubaliano yaandikwe.

Upande wa serikali, kibali cha biashara hutolewa na kaunti, na ada yake hutegemea aina na ukubwa wa biashara. Anayevuka mpaka kufanya kazi kaunti jirani aulize kwanza ofisi ya mapato ya huko. Kodi ya mauzo ya asilimia 3 huhusu biashara inayouza kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Kijana wa mfano wetu, mwenye mauzo ya 336,000, hajafika huko, lakini mwenye PIN hupaswa kuwasilisha ritani ya mwaka kabla ya Juni kuisha. Tena, asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na usafi wa majengo ni mojawapo ya kazi zinazotangazwa. Zabuni hizo humtaka mwombaji awe na karatasi zake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la shilingi hamsini linatosha: tarehe, idadi ya vioo, saa zilizotumika, pesa iliyoingia, pesa iliyotoka. Baada ya miezi mitatu litaonyesha kama bei ni sawa. Ikiwa si sawa, wateja waambiwe mapema kwamba mwezi ujao itapanda, na sababu yake.