Plagi ya pasi haina kazi kwenye spika

Ndugu msikilizaji, wiki hii naomba tuzungumze habari ya vijana wanaotembea na mabegi ya waya. Unawaona kwenye harusi, kwenye mikutano ya hadhara, kwenye kwaya, na kwenye maonyesho ya bendi za dansi na vikundi vya taarab. Hufika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, na muziki ukilia vizuri hakuna anayewakumbuka. Ndani ya mabegi hayo, pamoja na plaizi na tepu nyeusi, mna vitu ambavyo si rahisi kuvikuta dukani: waya wenye kichwa kimoja huku na vichwa viwili kule, waya wenye plagi ya aina moja upande huu na ya aina nyingine upande ule, na visanduku vidogo vyenye matundu manne. Vyote hivyo vimetengenezwa kwa mkono. Ndivyo ninavyotaka kuvizungumzia, kwa sababu baadhi yake vinasaidia sana na baadhi vinaweza kuua mtu.

Kwanza nitoe heshima panapostahili. Wapo wanaowabeza mafundi hawa, wanasema kazi yao ni kuungaunga tu. Siafikiani nao. Nimekaa nyuma ya mitambo miaka mingi na shida yenyewe naijua. Amplifaya ina matundu mawili ya kutolea sauti. Mwenye shughuli ameleta spika sita: mbili zake, mbili za kukodi, na mbili ameazimwa na jirani. Za kwanza zinataka jeki ya robo inchi, za pili zinataka plagi ya Speakon, na za tatu zina waya mtupu unaoning'inia kama mkia. Bibi harusi ameshatoka saluni. Fundi asiye na waya wa kugawa wala adapta mkononi atafanya nini saa hiyo? Anayekaa chini siku mbili kabla, akapima, akakata, akalehemu na kujaribu, huyo ndiye anayeifanya shughuli iwe shughuli. Na akiifanya kazi hiyo kwa uangalifu, waya wake hudumu kuliko nyingi zinazouzwa zikiwa zimefungwa kwenye karatasi za nailoni.

Walakini kuna kifaa kimoja ambacho sitakitetea kamwe, hata kama kimetengenezwa na fundi bingwa. Nacho ni waya wa spika uliofungwa plagi ya pini tatu, hii hii tunayoitumia kwenye pasi na kwenye friji.

Jambo hili linaeleweka lilivyoanza. Plagi ya pasi inapatikana kila duka na ni nafuu. Ina pini nene zinazobeba umeme mwingi, na haichomoki ovyo. Fundi anajiambia: kwa nini nihangaike kutafuta plagi ya spika? Basi anafunga soketi ya ukutani nyuma ya boksi la spika, nyingine anaifunga kwenye kisanduku cha amplifaya, halafu anatengeneza waya wenye plagi za kiume pande zote mbili. Muziki unalia bila kasoro yoyote. Nimekwenda kwenye kumbi na kukuta mitambo mizima imefungwa namna hiyo, na mwenyewe anakuonyesha kwa fahari.

Hebu fikiria sasa, ndugu msikilizaji. Shughuli imekwisha, ni usiku, watu wamechoka. Kijana mgeni, aliyekuja kusaidia kubeba, anauona waya wenye plagi ya pini tatu umelala chini. Ubongo wake unamwambia kile ambacho ungemwambia mtu yeyote: hii inakwenda ukutani. Anaichomeka. Ikiwa ule upande wa pili uko kwenye spika, volti 230 zinaingia kwenye koili ya omu 8. Piga hesabu: ni kama ampea 29, yaani wati zaidi ya 6,000, kwenye spika iliyoundwa kubeba wati 300 au 400. Fyuzi ya ampea 13 iliyomo ndani ya plagi haikatiki papo hapo kwa kiasi hicho, na zipo plagi za bei rahisi ambazo fyuzi yake ni ya jina tu. Koili inaungua, na karatasi ya spika inaweza kushika moto.

Hiyo ni hasara ya mali. Ikiwa ule upande wa pili haujachomekwa popote, hatari ni kubwa zaidi. Pini zake zimelala sakafuni, ziko uchi, na zina umeme kamili wa ukutani. Mtoto anayekimbia ukumbini hajui hayo, wala mama anayeokota vitambaa vya meza.

Isitoshe, siku hizi hatari imeongezeka. Zamani spika zilikuwa boksi tu, na amplifaya ilikaa mahali pake. Leo nyingi zina amplifaya ndani, na waya wake wa umeme ni halali kabisa kwenda ukutani. Kijana aliyejifunzia kazi kwenye spika za aina hiyo amezoea kwamba spika huchomekwa kwenye umeme. Mpe boksi la kizamani lenye plagi ya pini tatu na ataichomeka bila kusita. Hatutamlaumu, maana tumemfundisha hivyo wenyewe.

Tatizo la plagi moja kutumika kwa kazi mbili halikuanzia kwetu. Hata huko Ulaya na Marekani spika za matamasha zilifungwa kwa miaka mingi plagi za XLR, zile zile za maiki, au jeki zile zile za gitaa. Matokeo yake, mtu aliweza kutoa sauti ya amplifaya, yenye volti 40 au zaidi, na kuiingiza kwenye tundu la maiki la mikisa lililozoea elfu chache za volti moja. Jeki nayo ina kasoro yake: ukiichomeka au kuichomoa amplifaya ikiwa inafanya kazi, ncha yake inaweza kugusa sehemu isiyo yake njiani na kupiga shoti. Mwaka 1987 kampuni ya Neutrik ya Liechtenstein ilileta plagi ya Speakon. Huingia na kuzungushwa kidogo ikajifunga, sehemu zake za umeme zimefichwa kidole kisizifikie, na haiwezi kuingia ukutani wala kwenye maiki. Ndiyo maana nasema adapta yoyote utakayoitengeneza, iwe ya kuelekea kwenye Speakon.

Na hapo pia ufungue macho. Speakon ya kawaida ina sehemu nne: 1 chanya, 1 hasi, 2 chanya, 2 hasi. Spika nyingi hutumia namba 1 peke yake. Kwenye zile kubwa zinazolishwa na amplifaya mbili, kwa kawaida besi huenda namba 1 na sauti za juu namba 2. Adapta iliyogeuzwa namba itapeleka besi nzima kwenye tweta, na tweta hiyo haitafikisha mwisho wa wimbo. Tena nyuzi zinazobanwa kwa skrubu usizipake risasi ya kulehemu kwanza. Risasi ni laini, inalegea polepole chini ya skrubu, na baada ya miezi michache waya unacheza.

Tuje kwenye kugawa kwenyewe. Spika nyingi zimeandikwa nyuma omu 8. Ukiunga mbili sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kama waya wa kugawa unavyofanya, amplifaya haioni tena omu 8, inaona 4. Ukiunga nne inaona 2. Wengi hudhani spika zikiongezeka na mzigo wa omu unaongezeka. Kumbe unapungua, kama vile ukumbi ukifunguliwa mlango wa pili watu hutoka kwa wepesi zaidi. Umeme nao unatoka kwa wepesi, na amplifaya iliyoandikwa mwisho wake omu 4 itachemka, itajizima, au itaungua. Kwa hiyo kisanduku chenye matundu manne si ruhusa ya kuchomeka spika nne. Mita ndogo ya kupimia inatosha kukuambia ukweli: spika ya omu 8 husoma kama 6 hivi, na mbili sambamba husoma kama 3. Mita ikisoma chini ya hapo, chomoa kitu kimoja kabla hujawasha.

Kisanduku chenyewe kiwe cha plastiki ikiwa kinabeba pande mbili za amplifaya. Kwenye cha bati, jeki za upande wa kushoto na za kulia hugusana kupitia bati lenyewe, na kuna amplifaya ambazo upande wake hasi nao una umeme, hasa zikiwa zimewekwa kufanya kazi pande mbili kama moja. Ukiziunganisha hasi zake umepiga shoti bila kujua.

Waya nao una unene wake. Wati 400 kwenye omu 4 ni ampea 10, na ampea 10 hazipiti kwenye uzi. Chukua umbali wa mita 20 kutoka amplifaya hadi spika, kwenda na kurudi mita 40. Kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 unapoteza wati 6 au 7 katika kila 100. Kwa ule mwembamba wa 0.75 unapoteza karibu 19. Kwa waya wa maiki, wenye nyuzi za kiasi cha 0.22, unapoteza zaidi ya 40, na wati hizo hazipotei hewani, zinaugeuza waya kuwa jiko. Waya wa kawaida wa umeme wa 2.5, ule laini wenye nyuzi nyingi, unafaa sana kwa spika. Ninachokataa mimi ni plagi ya ukutani, si waya.

Jambo dogo ambalo husahaulika ni chanya na hasi. Spika mbili zilizo bega kwa bega zikiunganishwa kinyume, moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na besi inapotea. Watu huanza kumlaumu mpiga besi, masikini wa Mungu. Betri ya volti 1.5 inamaliza ugomvi: gusisha chanya ya betri kwenye chanya ya waya na hasi kwenye hasi, na spika zote zitaruka kuelekea mbele.

Yote haya yanataka fedha kidogo, na hapo wenye vyombo hawajanifurahisha. Mtu ananunua spika kubwa za kutisha, kisha fundi akimwomba plagi nane za Speakon na mita 100 za waya, anaambiwa asimamie kwa alichonacho. Alichonacho ni plagi za pasi.

Kwa wewe unayekodi tu, huna haja ya kujua omu. Kabla wageni hawajaingia, zunguka nyuma ya spika utazame. Yenye amplifaya ndani ina swichi na kitufe cha kuongeza sauti, na mara nyingi kataa. Ukikuta boksi lisilo na vitu hivyo lakini plagi ya pini tatu inatoka kwake, mwite fundi aikate kichwa hapo hapo, ukimsimamia.