Thamani ya Vitu vya Kale Nyumbani na Kanisani



Mwanamke yule wa Injili ya Luka, aliyewasha taa na kufagia nyumba akitafuta shilingi moja, alikuwa na shilingi kumi. Alijua kwamba moja imepotea kwa sababu alikuwa amezihesabu. Nyumba nyingi hazijahesabu. Katika sanduku la bati chini ya kitanda cha bibi mna sarafu za Mjerumani, Biblia ya Roehl ya mwaka 1937, cheti cha ubatizo, pengine na jembe lililofuliwa na wahunzi wa Upareni. Lakini watoto hawajui vitu hivyo ni vingapi, vilikuwa vya nani, wala vilifikaje hapo.

Hedaru ni mahali pa kupitiwa na watu, tangu reli ya kutoka Tanga kwenda Moshi ilipojengwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Miongoni mwa wapitao wamo wanaoulizia rupia za Mjerumani. Mmoja huahidi mamilioni, kisha huomba kwanza fedha ya kupimia. Mwingine hutoa bei ya kilo moja ya sukari na kuondoka na kitu cha thamani. Wote wawili hufanikiwa kwa sababu moja, nayo ni kwamba mwenye mali hajui alicho nacho.

Ukale peke yake hauleti bei. Mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani walipiga sarafu mjini Tabora. Zile za heller 20, zisizo na dhahabu wala fedha ndani yake, zilizidi milioni moja, na kwa hiyo nyingi zingaliko na bei yake si kubwa. Zile za rupia 15, za dhahabu na zenye picha ya tembo, zilikuwa kama 16,000 tu, nazo hutafutwa duniani kote. Umri wao ni mmoja na mji wao ni mmoja. Zinatofautishwa na madini, uchache na hali zilivyotunzwa. Aliyeisugua sarafu kwa mchanga ili ing'ae amejipunguzia mali kwa mkono wake mwenyewe.

Ndiyo maana iko kazi ya mthamini. Yeye hukitambua kitu, hupima hali yake, huuliza kimepita mikononi mwa nani, kisha hulinganisha na bei ambazo vitu vya namna hiyo vimeuzwa kweli. Huuliza pia uthamini ni wa nini, kwa maana hesabu ya bima, ya mirathi na ya mauzo si lazima zilingane. Mthamini mwaminifu hanunui kile anachokithamini. Hulipwa ujira uliopatanwa mapema, wala si fungu la bei anayoitaja, na huacha maandishi yenye tarehe na sahihi. Tanzania ina Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016, na ni haki ya mwananchi kuuliza kama anayejiita mthamini amesajiliwa. Kwa vitu vya kale, wataalamu wa Makumbusho ya Taifa wanaweza kuombwa msaada wa kuvitambua. Tena Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu vitu inavyovilinda kupelekwa nje ya nchi bila kibali.

Upo mfano wa kufundisha. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata kilinunuliwa mjini Paris na jumba moja la makumbusho la Geneva. Kiliweza kurudishwa mwaka 2010 kwa sababu kilitambuliwa kuwa ndicho kile kilichoibwa. Kitu kisichoandikwa popote kingedaiwa kwa ushahidi gani?

Basi orodha itangulie bei. Kila familia iandike katika daftari jina la kitu, aliyekuwa nacho, na namna kilivyopatikana, ikiwezekana na picha yake. Baba akifanya hivyo angali hai, amewapunguzia watoto wake ugomvi wa mirathi, na mjane wake hatadanganywa mlangoni. Vivyo hivyo kengele, vikombe vya Meza ya Bwana na vitabu vya ubatizo ni mali ya usharika, wala si vya mzee mmoja au mtunza funguo. Orodha yake isomwe mbele ya mkutano mkuu.

Baada ya hayo, mthamini ataje bei. Huenda Biblia ile ya bibi ikaonekana ya bei ndogo sokoni. Lakini ikiwa katika kurasa zake za mwanzo yameandikwa majina ya watoto waliozaliwa, waliobatizwa na waliozikwa, familia itajua kwa nini haiuzwi. Mwenye kujua bei ya kitu, akakataa kukiuza, amechagua. Asiyejua hana alichochagua.

Wazee wanaoweza kusimulia habari za vitu hivyo wangaliko, lakini wanapungua kila mwaka. Taa na iwashwe leo, nyumba ifagiliwe, na shilingi zihesabiwe zikiwa bado zote kumi.